Tarumbeta la Nane

Shangazi yangu hajawahi kupoteza karatasi. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu yeye mwenyewe angetaka lisemwe mwanzoni, na kwa sababu yote yaliyotupata baadaye yalitokana na tabia hiyo. Risiti ya pasi aliyonunua mwaka nilipozaliwa ipo. Kadi yangu ya chanjo, ambayo mama aliitafuta nyumba nzima huku akilia siku ya kuniandikisha shule, ilikuwa kwake, ndani ya jalada la kijani, karatasi ya nne kutoka mwanzo. Nilikuwa na faili langu nikiwa na miaka sita.

Alifanya kazi masjala miaka thelathini na minne. Masjala ni kile chumba cha nyuma ofisini, chenye rafu mpaka darini, ambamo kila barua inayoingia hugongwa muhuri wa tarehe, hupewa namba kwa wino mwekundu kwenye pembe ya juu kulia, kisha hutobolewa na kufungwa kwenye faili lake. Namba hiyo wao huiita folio. Karatasi ikishapewa folio ndiyo imefunga ndoa, haitoki tena. Mkubwa mmoja wa kazi aliwahi kumwomba achomoe folio moja tu, tena kwa muda mfupi, na Shangazi akamjibu kwamba labda achomolewe na yeye pamoja nayo. Alihamishiwa stoo ya chini kwenye panya. Alikaa huko mwaka mzima, na siku wanamtoa walikuta stoo yote imepangwa kwa herufi. Ofisi nzima ikaanza kumwita Masjala, na sisi nyumbani tukaliiba jina hilo. Analipokea kama cheo.

Alipostaafu tulidhani atapumzika. Thubutu! Alipotimiza miaka sabini, wenzake wakilea wajukuu, akanunua faili jipya, akaandika juu yake UKOO kwa herufi kubwa, akaanza kuwafuatilia wazee wetu waliokufa utadhani kila mmoja wao alikuwa amechelewa kurudisha jalada.

Sasa nimtambulishe Mzee Tarumbeta, maana bila yeye hakuna habari. Huyu ni babu yao, Shangazi na Baba yangu, mzaa baba. Sebuleni kwa Baba kuna picha yake. Wanaume wanane wamesimama mstari wa mbele wa bendi ya mji, magwanda meupe, vifungo mpaka kidevuni, kila mmoja na tarumbeta lake. Wa mwisho kulia, mrefu kuliko wote, kifua mbele, tumbo ndani, ndiye yeye. Alikaa kwenye bendi ile miaka kumi na tisa, na siku ya kustaafu akakabidhiwa tarumbeta lake. Linaning'inia mpaka leo kwenye msumari chini ya picha. Ukoo wetu unatembea kifua mbele kwa ajili ya mtu huyu.

Shida ni kwamba muziki wenyewe hatuna. Hata chembe. Tukianza kuimba harusini, bwana harusi hutazama mlango. Babu yangu, yaani mtoto wa Mzee Tarumbeta, aliiona hali hii kama aibu ya kutafutiwa dawa, na dawa aliyoitafuta ilikuwa mtihani. Kila mtoto wa ukoo akifikisha miaka kumi alipandishwa juu ya kigoda mbele ya picha, akapewa tarumbeta, akaambiwa apulize. Mtoto alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na tarumbeta lisitoe hata mlio wa mbu. Hapo Babu alilichukua, akalifuta, akatangaza: "Haumo." Yaani muziki. Watoto tisa walipanda kigoda kile na wote tisa haumo.

Shangazi, kwa alivyo, alishuka akauliza chakula kinaiva saa ngapi. Lakini Baba, mdogo wake wa mwisho, hakushuka hivyo. Nasikia kabla ya siku ile Baba alikuwa mtoto wa vurugu tupu. Alipiga masufuria, alipiga milango, aliimba akioga, aliimba na tonge mdomoni mpaka akachapwa. Kila mtu alisema mrithi ndiye huyu, na yeye mwenyewe alijua ndiye yeye. Alipanda kigodani akicheka. Akapuliza, kimya. Akapuliza tena, kimya. Babu alikuwa ameweka matumaini yake yote kwa mtoto huyu, na kwake hakusema "haumo". Alisema, "Kumbe wewe ndiye uliyeizima damu ya baba yangu." Kisha akampa kitambaa, akamwambia kuanzia siku hiyo kazi yake ni kulisafisha.

Tangu hapo Baba hakuimba tena, na hapa sitii chumvi. Ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha ya chuma, karakana yake ni kelele kutwa, lakini yeye hata mluzi hapigi. Siku ya harusi yangu, muziki ulipoanza, alitoka nje kukagua geti la ukumbi. Aliniambia baadaye kwamba bawaba zake zimechomelewa hovyo. Nilimkasirikia mwezi mzima, na sasa naona haya kwa hasira ile. Kila Jumapili asubuhi hulishusha tarumbeta msumarini, hulipaka dawa ya shaba, hulisugua, hulirudisha. Ana miaka sitini na minane. Fanya hesabu mwenyewe ni Jumapili ngapi.

"Huyu mdogo wangu," Shangazi aliniambia siku alipolifungua faili la UKOO, "nataka nimtafutie mwenzake."

"Mwenzake wa nini, Shangazi?"

"Wa kushindwa. Haiwezekani watu wote wa nyuma walikuwa hodari. Lazima yupo mmoja, labda baba yake Mzee Tarumbeta, labda babu yake, aliyeshika ngoma ikamkataa. Nikimpata huyo nitamwambia mdogo wangu, unaona, hukuizima wewe, huwa inaruka."

Basi nikawa dereva wake. Ninaendesha duka la dawa, nina wateja, nina watoto, lakini kila Alhamisi nilifunga duka mchana nikampeleka kwenye jengo la kumbukumbu za mji, nyuma ya ofisi za ardhi. Mhifadhi wa pale, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, alitupa glavu za pamba na meza ya dirishani. Shangazi alimshukuru, kisha akamweleza makosa matatu katika namna walivyobandika lebo kwenye maboksi. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini yule mama alichukua kalamu akaandika, na kuanzia siku hiyo wakawa marafiki.

Alhamisi ya tano ndipo boksi la bendi lilipofika mezani. Ndani yake mlikuwa na faili limeandikwa WATUMISHI: TARUMBETA. Nilinyoosha mkono nianze na karatasi ya juu. Shangazi akanipiga kofi dogo la vidole.

"Faili husomwa kutoka chini, mwanangu. Anayeanza juu anasoma mwisho wa kesi asiyoijua."

Akaanza chini. Folio ya kwanza, ya pili, ya tano. Nilikuwa nimeshaanza kusinzia nilipoona ameacha kugeuza karatasi. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akasoma tena palepale. Halafu akanisogezea faili.

Folio 9 ilikuwa barua ya mkuu wa bendi kwa karani wa mji. Alieleza kwamba anao wapiga tarumbeta saba, na mstari wa watu saba unapendeza mbele lakini haugawanyiki vizuri kwenye kona. Anahitaji wa nane. Amempata mtu mrefu, anayesimama vizuri kuliko yeyote aliyepata kumwona, gwanda linamkaa. "Kupuliza hawezi," aliandika, "na nimemjaribu kwa wiki sita. Hata hivyo namwombea ajira, kwa masharti kwamba asipulize."

Folio 12 ilikuwa amri kwa karakana ya mji. Kwa kuwa mtumishi wa nane husahau masharti yake anapofurahi, tarumbeta namba nane lizibwe shingoni, nyuma ya mdomo wa kupulizia, kwa kipande cha bati, na lilehemiwe.

"Haiwezekani," nilisema. Uso uliniwaka. Nilijiona mjinga, nilimwona kila mtu wa ukoo wetu mjinga, vifua vyetu vyote mbele. Miaka kumi na tisa mtu anapuliza hewa ndani ya chuma kilichozibwa!

Shangazi hakunisikiliza. Alikuwa ameshafika folio 13, na ile ilikuwa ya Mzee Tarumbeta mwenyewe, mwandiko wa duara, mistari imenyooka. Ilikuwa na kichwa cha habari: Ombi la Kupuliza. "Kwa heshima na taadhima naomba kibali cha kuzibuliwa tarumbeta langu ili nipulize, hata mara moja, hata taratibu." Folio 14 ikajibu: "Ombi lako limepokelewa na limekataliwa. Endelea kusimama vizuri."

Mwaka uliofuata akaomba tena. Na uliofuata. Kila mwezi wa kwanza wa mwaka, ombi moja na jibu moja. Mwaka mmoja aliomba apulize siku ya mvua kubwa ambapo hakuna atakayesikia. Mwaka mwingine aliomba apelekwe apulizie upande wa pili wa kilima na arudi kwa miguu yake. Mwaka wa kumi na moja aliandika kwamba anaelewa sababu za kukataliwa, anazikubali, na anaomba.

Shangazi alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia, nikamshika mkono. Kumbe anacheka. Alicheka kimya kimya kwanza, halafu uzalendo ukamshinda, akaangua kicheko mle ndani ya chumba cha kusomea ambamo hata kukohoa watu wanaona aibu. Mhifadhi akaja mbio. Shangazi hakuweza kusema, akamwonyesha kwa kidole folio za mwisho. Wakati wa kustaafu kwa Mzee Tarumbeta, mkuu wa bendi alilainika moyo, akatoa kibali: siku ya mwisho apewe tarumbeta la mwenzake, apulize mara moja. Folio 62 ilikuwa na mstari mmoja tu wa mkono wake. "Amepuliza. Tazama folio 63 hadi 70."

Folio 63 hadi 70 zilikuwa malalamiko ya wananchi. Hospitali ililalamika. Shule ililalamika. Mtu mmoja alieleza kwamba punda wake ameingia kanisani na hataki kutoka. Na folio 71 ikafunga kazi: kwa kuwa tarumbeta namba nane halifai kwa matumizi mengine, akabidhiwe mtumishi aondoke nalo.

Sisi watatu tulivunjika mbavu pale dirishani, na hasira yangu ikayeyuka sijui ilikwenda wapi. Nilimpenda mzee yule ghafla. Hadi siku ile nilikuwa namheshimu tu.

Tuliporudi na nakala, matatizo yakaanza. Mkutano wa ukoo ulikuwa umebakiza siku kumi, na Shangazi ndiye aliyepangiwa kusoma historia. Baba Mkubwa, kaka yao mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa maisha wa mikutano yetu, alikuwa ameshachapisha fulana sitini zilizoandikwa UKOO WA TARUMBETA. Alizisoma nakala akiwa amesimama, akakaa.

"Masjala," alisema, "hii folio ya tisa na ya kumi na mbili zitoe. Zilizobaki soma."

"Karatasi haitoki kwenye faili, Kaka."

"Fulana zimeshachapwa!"

"Basi nipe na moja, nitaifungulia jalada lake."

Alinuna, lakini si yeye aliyemkosesha Shangazi raha. Siku zile alikuwa akija dukani kwangu kila asubuhi, anakaa kwenye kiti cha wagonjwa, hanunui kitu. "Ninyi wote mkijua hamtakufa," aliniambia. "Mdogo wangu tu ndiye ninayemwogopa. Mtu amesugua chuma kile tangu ana miaka kumi. Nimwambie alikuwa anasugua uongo? Nilitaka kumpa mwenzake, sasa naona nitamnyang'anya hata babu." Mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona anawaza kuficha karatasi. Sikumshauri kitu. Nilijua nikimwambia soma atasoma, na kama Baba angevunjika, tungemvunja sote wawili.

Mkutano ulifanyika kwa Baba, uani mbele ya karakana, kwa sababu ndiko kwenye nafasi. Watu sitini ndani ya fulana mpya. Baba alikaa mstari wa mbele na tarumbeta mapajani, lilikuwa limesuguliwa hadi unaweza kujitazamia. Huwa analitoa nje kwenye mikutano, halafu huketi macho chini mpaka watu watawanyike.

Shangazi alisimama, akafungua faili. Kisha akageuza karatasi zote, akaanza kutoka chini.

Aliposoma folio 9, minong'ono ilipita uani kote. Baba Mkubwa alitazama fulana yake. Aliposoma folio 12, mimi sikumtazama Shangazi, nilimtazama Baba. Alikuwa ameinua kichwa. Akalishika tarumbeta, akaligeuza, akapitisha kidole gumba shingoni, pale nyuma ya mdomo wa kupulizia. Akapitisha tena. Halafu akanyanyuka, akaingia karakana na tarumbeta mkononi, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Shangazi akafunga faili. "Nimemuua mdogo wangu," alisema, si kwa mtu yeyote.

Tukasikia gesi ikiwashwa.

Nilifika mlangoni wa kwanza, na watu sitini mgongoni kwangu. Baba alikuwa ameinama juu ya meza ya chuma, miwani ya kazi usoni, mwali mdogo wa buluu ukilamba shingo ya tarumbeta. Hakututazama.

"Lehemu hii naiona miaka hamsini na minane," alisema. "Mimi fundi! Kila Jumapili naipita na kitambaa. Nilidhani ni kiraka. Nilidhani lilipasuka kwa kupulizwa sana."

Akaushika mdomo wa kupulizia kwa koleo, akauvuta, ukachomoka. Akaligonga tarumbeta kwenye ukingo wa meza, na kipande cha bati cha ukubwa wa kifungo cha shati kikaanguka, kikazunguka kidogo juu ya chuma, kikatulia. Baba alilitumbukiza tarumbeta kwenye ndoo ya maji, likachemka, akalitoa, akalikung'uta. Kisha akatazama huku na huku, akaona kreti la nondo, akaligeuza kwa mguu, akapanda juu yake.

Akapuliza.

Mlio ule ulikuwa mbaya. Sina haja ya kumpamba mzazi wangu. Ulikuwa mlio wa geti zito linaloburutwa kwenye saruji, tena na mtu asiye na haraka. Kuku wa jirani walitawanyika. Mtoto mmoja akaanza kulia. Baba alilishusha tarumbeta, akatutazama juu ya ile miwani ya kazi, na uso wake ulikuwa wa mtoto wa miaka kumi.

"Dada," alimwita Shangazi, "umesikia?"

"Nimesikia, mdogo wangu. Mji mzima umesikia."

"Hata yeye alikuwa hivi?"

"Vibaya zaidi. Wewe hujamwingiza punda kanisani." Shangazi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Nilikuwa nakutafutia mwenzako. Nimemkuta ukutani kwako."

Baba akacheka. Mimi mwanawe nilikuwa sijawahi kusikia kicheko kile, sikujua kama anacho. Akapuliza tena, na safari hii watu walipiga makofi mpaka mabati ya karakana yakalia. Ndipo wote waliowahi kufeli kwenye kigoda wakapanga foleni kurudia mtihani, wazee wazima wenye mvi na magoti mabovu. Kila mmoja alipanda kreti, akapuliza, akatoa uchafu wa sauti, akashuka akishangiliwa kama mshindi. Shangazi alipiga mlio mfupi mkavu, akasema unatosha. Wa mwisho kabisa alikuwa Baba Mkubwa. Alijitia kusitasita, akavuta fulana yake ikanyooka, akapanda, na kusema kweli wa kwake ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Hakutaka kushuka.

Saa kumi jioni karatasi ilipitishwa juu ya ua. Jirani, nesi mstaafu, alikuwa ameandika kwa adabu: "Jirani, poleni. Kama kuna mtu ameumia, ninazo dawa. Kama hakuna, naomba mnyamaze." Shangazi aliisoma kwa sauti, watu wakashangilia upya. Akatoa muhuri wa tarehe kwenye pochi yake, maana anatembea nao, akaugonga. Akatoa kalamu nyekundu, akaandika pembeni juu kulia: 72. Alianzia pale bendi ya mji ilipoishia. Kile kipande cha bati alikitia kwenye bahasha, akakiambatisha kwenye folio 12, mahali pake.

Jumatatu asubuhi nilipitia kwa Baba kumpelekea dawa yake ya presha. Mashine zilikuwa bado hazijawashwa. Nilifika getini mkono ukiwa kwenye komeo, nikasimama. Sauti ilikuwa inatoka bafuni, na maji yanamwagika. Wimbo wenyewe sikuutambua, nadhani hata mwenye wimbo asingeutambua. Alikuwa akiupandisha mahali pa kushuka, na maneno aliyoyasahau aliyajaza kwa kelele, na hakujali hata kidogo. Nililia pale getini kama mjinga, dawa mkononi, mpaka ubeti wa mwisho.

Kisha nikampigia Shangazi simu. Sikueleza kitu, nilimwambia tu, "Anaimba."

Upande wa pili nikasikia droo ikifunguliwa.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa moja na dakika hamsini."

"Sema polepole," alisema, na sauti yake ilikuwa imeloa. "Naandika. Folio sabini na tatu."